James Cyriax, daktari aliyetibu kiwiko kwa ncha ya kidole

Msikilizaji wetu, kama umewahi kushindwa kuinua birika la chai kwa sababu ya maumivu upande wa nje wa kiwiko, maisha ya daktari tunayemweleza leo yanakuhusu. Maumivu hayo huitwa kiwiko cha tenisi, ingawa wengi wanaoyapata hawajawahi kushika raketi. Huwapata wapiga jembe, mafundi seremala, wakamuaji wa ng'ombe na kina mama wanaofua na kukamua nguo. Yakikaa miezi, kazi inasimama na kipato kinapungua.

James Cyriax alizaliwa Uingereza mwaka 1904, katika ukoo uliojua tiba ya mikono. Babu yake mzaa mama, Henrik Kellgren, alikuwa Msweden aliyejulikana kwa kutibu kwa kuchua na mazoezi. Baba yake, Edgar Cyriax, alikuwa daktari aliyefuata njia hiyohiyo. James alisoma Cambridge, kisha hospitali ya St Thomas' jijini London, na akafuzu udaktari mwaka 1929.

Alipoanza kazi aliona jambo lililomsumbua. Picha ya eksirei huonyesha mifupa, lakini haionyeshi vizuri misuli wala kano, yaani zile nyuzi ngumu zinazounganisha msuli na mfupa. Hivyo mgonjwa angeweza kuwa na maumivu makali, huku picha ikionyesha kwamba hana tatizo. Cyriax akaamua kutafuta kidonda kwa mikono yake. Alimwambia mgonjwa asukume, avute, akunje na anyooshe, huku yeye akizuia. Msuli au kano iliyouma ilipokazwa, ndipo alipojua pa kutibu.

Kwa kiwiko cha tenisi, kipimo ni rahisi. Nyoosha mkono, kunja ngumi, kisha inua ngumi juu huku mwenzako akiisukuma chini. Ukisikia maumivu upande wa nje wa kiwiko, huenda ni kano za misuli inayoinua kiganja, pale zinaposhika kwenye mfupa.

Mwaka 1936 Cyriax aliandika katika jarida la madaktari kuhusu ugonjwa huu, na mwaka 1947 akatoa kitabu chake kikubwa cha tiba ya misuli, kano na viungo. Kuchua kwake kulikuwa tofauti na tulivyozoea. Sisi huwa tunapaka mafuta na kusugua mkono wote kwa urefu. Yeye hakutaka mafuta, ili kidole kisiteleze bali kiende pamoja na ngozi. Alisugua sehemu ndogo tu, pale panapouma hasa, na kwa kukatisha kano, kama mtu anayesugua kamba kwa upana wake. Kila kikao kilichukua kama dakika 10, mara 3 kwa wiki, kwa wiki kadhaa. Kwa kiwiko kilichouma muda mrefu, baadaye kilinyooshwa ghafla mara moja. Tendo hilo la mwisho ni la mtaalamu pekee, msijaribu nyumbani.

Cyriax hakuwa mtu wa kunyamaza. Alibishana na madaktari wenzake waliodharau tiba ya mikono, na pia na waunga viungo waliotibu bila kusomea udaktari. Aliwafundisha wataalamu wa fiziotherapia kwa miaka mingi, na njia zake zikafika nchi nyingi. Alifariki mwaka 1985.

Je, alikuwa sahihi kwa yote? Hapana. Watafiti waliokuja baadaye walikusanya majaribio yaliyofanywa na wakaona kwamba ushahidi wa kuchua kwa namna yake peke yake bado ni mdogo. Sindano za steroidi, ambazo naye alizitumia, hutuliza maumivu haraka, lakini baada ya miezi kadhaa waliochomwa huwa na hali mbaya kuliko ambao hawakuchomwa. Leo wataalamu wengi hutilia mkazo mazoezi ya kuimarisha misuli polepole, na kuchua huwa ni msaada wa kando. Wagonjwa wengi hupona ndani ya mwaka mmoja hivi.

Lakini somo lake kubwa limebaki: kabla ya kusugua, jua kwanza kinachouma ni nini. Kwa hiyo, ukiumwa kiwiko, punguza kazi inayokiumiza na badilisha namna ya kushika mpini. Ukienda kwa mchuaji, mwonyeshe panapouma hasa. Usikubali kuchuliwa kama kiwiko kimevimba na kina joto, kama una homa, kama umeanguka, au kama vidole vinakufa ganzi. Hapo nenda kituo cha afya kwanza. Mkono ndio shamba lako la kwanza. Ukiharibika, jembe halina wa kulishika.