Edsger Dijkstra, mtu wa njia fupi

Tukituma ujumbe wa intaneti kutoka Mabatini, Mwanza, mashine ziitwazo ruta huuchagulia njia. Leo tunamkumbuka Edsger Dijkstra, ambaye hesabu yake inatumika katika nyingi kati ya ruta hizo.

Alizaliwa Rotterdam, Uholanzi, mwaka 1930. Mwaka 1956, akiwa amepumzika mgahawani Amsterdam na mchumba wake, alibuni namna ya kupata njia fupi kati ya miji miwili. Ilimchukua kama dakika 20, bila kalamu wala karatasi. Aliichapisha mwaka 1959, na baadaye itifaki ya OSPF ikaitumia.

Lakini ruta huweza kupewa njia mbili za kufika mahali pamoja: moja na OSPF, nyingine na RIP, itifaki kongwe zaidi. Hailinganishi urefu, maana OSPF hupima gharama ya njia na RIP huhesabu vituo. Hutazama nani kaleta habari, kama mgeni Mabatini anavyomwamini kondakta wa daladala kuliko mpita njia. Kwenye ruta za Cisco, OSPF ina namba 110 na RIP 120. Namba ndogo ndiyo huaminiwa. Njia aliyoiandika fundi mwenyewe ina namba 1. Fundi akikosea, ruta humfuata hata kama OSPF inajua njia sahihi, na ujumbe unapotea.

Dijkstra alipata Tuzo ya Turing mwaka 1972, akafariki mwaka 2002. Alisisitiza kuwa programu ithibitishwe kwa hoja kabla ya kuaminiwa. Fundi wa ruta naye ana la kujifunza hapo.