Sidi Mubarak Bombay, Mkalimani wa Mito Miwili



Kama ilivyo desturi yetu kila ifikapo tarehe 20 Juni, Siku ya Wakimbizi Duniani, kamati inatoa kijarida cha ukumbusho. Safari hii imeamuliwa kuwakumbuka wakalimani wetu, yaani wale wanaoacha kazi zao asubuhi ili kumsindikiza mgonjwa zahanati au mama mjane ofisini, na wanaorudi jioni bila hata nauli. Sisi walimu tuliohamia hapa Kyebando tumepewa jukumu la kuandika maisha ya mtu mmoja wa zamani aliyefanya kazi hiyo hiyo. Tumemchagua Sidi Mubarak Bombay. Wazungu walioandika habari za kuvumbua chanzo cha mto Nile wanajulikana mashuleni kote. Yeye aliyekuwa mdomo wao na masikio yao anatajwa kwa mstari mmoja tu, tena si katika kila kitabu.

Utoto wake

Alizaliwa karibu na mwaka 1820 katika nchi ya Wayao, kwenye mipaka ya Tanzania na Msumbiji ya leo. Alipokuwa kijana wa miaka kama kumi na miwili, wafanyabiashara kutoka pwani walifika na bunduki kudai madeni. Kijiji kilitawanyika, waliokamatwa walifungwa na kupelekwa Kilwa. Hapo Kilwa aliuzwa kwa nguo, akapelekwa Unguja, na kutoka Unguja akavushwa bahari hadi Bara Hindi.

Jina alilopewa na wazazi wake halikubaki. Jina la Sidi ni lile ambalo Wahindi waliwaita watu weusi waliotoka Afrika. Mubarak ni jina la Kiislamu, maana yake mwenye baraka. Bombay ni jina la mji. Kwa hiyo mtu huyu alitembea dunia nzima akiwa amevaa majina ya wengine. Sisi ambao majina yetu yameandikwa vibaya kwenye kadi, na tukazoea kuitika hivyo hivyo, tunaelewa jambo hilo bila kufafanuliwa.

Alikaa Bara Hindi miaka mingi, akajifunza Kihindustani. Bwana wake alipofariki, aliachwa huru, naye akapanda chombo kurudi Unguja. Hakurudi Uyao. Aliingia katika jeshi la Sultani, akawekwa kwenye kituo cha askari karibu na Pangani. Hapo ndipo mwanzoni mwa mwaka 1857 Waingereza wawili, Richard Burton na John Speke, walipomkuta. Speke hakujua Kiswahili, lakini alijua Kihindustani kwa sababu alikuwa askari kule India. Bombay alijua lugha zote mbili. Lugha aliyojifunza utumwani ikawa ndiyo riziki yake.

Neno moja la Rusizi

Wazungu wale walitumwa kutafuta maziwa ya bara na chanzo cha Nile. Walifika Ujiji mwezi wa Februari 1858. Swali lao kubwa lilikuwa hili: mto Rusizi, ulio kaskazini mwa ziwa Tanganyika, unaingia ziwani au unatoka? Kama unatoka na kwenda kaskazini, basi huenda Tanganyika ndiyo chanzo cha Nile. Mfanyabiashara mmoja Mwarabu aliulizwa, Bombay akatafsiri, na jibu likaandikwa kwamba mto unatoka.

Wakapanda mitumbwi kwenda kaskazini mpaka Uvira. Pale wenyeji, ambao mto ule ni wao, waliwaambia wazi kwamba Rusizi unaingia. Bombay akakiri kwamba alimwelewa vibaya yule Mwarabu. Hakujificha wala hakumsingizia mwingine. Ndugu zetu wengi waliouvuka mto huo usiku, wakiwa na watoto mgongoni, wanajua maji yake yanaelekea wapi. Lakini kwa watu wa ramani, kutoka na kuingia ni maneno mawili yanayoweza kuhamisha mto mzima kutoka nchi moja hadi nyingine.

Tumesimama hapa kidogo kwa sababu jambo kama hili limetupata sisi wenyewe. Mama mmoja wa kwetu alihojiwa katika ofisi moja hapa mjini. Alieleza kwamba siku ya vita alikamata njia ya Uvira. Kwa Kiswahili chetu cha Kongo, kukamata njia ni kushika njia, kwenda zako. Mkalimani wa siku ile alikuwa na Kiswahili cha pwani. Akaelewa kwamba mama aliiteka njia, kama wafanyavyo wenye silaha, na hivyo ndivyo ilivyoandikwa. Mmoja wetu alikuwa ameketi naye na alisikia, lakini aliona haya kumkatiza mtu wa ofisi. Ilichukua miezi mingi kulisahihisha neno lile moja. Tangu siku hiyo tunamheshimu Bombay kwa kukiri kwake kule Uvira kuliko kwa safari zake zote.

Katika vilima vya Kampala

Katikati ya mwaka 1858 Burton alibaki Tabora akiwa mgonjwa. Speke na Bombay wakaenda kaskazini, na tarehe 3 Agosti wakaliona ziwa kubwa karibu na Mwanza. Mwaka 1860 Speke alirudi pamoja na James Grant, na Bombay akawa tena mtu wao. Walipita Karagwe kwa Mfalme Rumanika, na Februari 1862 Speke na Bombay wakafika Buganda kwa Kabaka Mutesa. Ikulu yake wakati huo ilikuwa katika vilima hivi hivi ambavyo leo ni Kampala, si mbali na hapa Kyebando.

Mazungumzo ya barazani yalikuwa marefu. Speke alisema Kihindustani, Bombay akageuza Kiswahili, na mkalimani mwingine akamfikishia Kabaka kwa Luganda. Jibu nalo likarudi kwa ngazi zile zile. Kabaka kijana hakuwa na subira, na Mzungu naye hakuwa nayo. Mtu wa katikati ndiye aliyebeba hasira za pande mbili. Huku Buganda Speke alimpiga Bombay ngumi za uso mpaka meno ya mbele yakatoka, na pengo lile alikaa nalo maisha yake yote. Wakalimani wetu waliofokewa dirishani kwa maneno yasiyo yao wajue kwamba hawakuanza wao.

Tarehe 28 Julai 1862 walifika Jinja, mahali maji yanapotoka ziwani. Speke alifurahi mno, akawaambia watu wake wanyoe nywele na waoge katika mto mtakatifu. Bombay alimjibu kwa utulivu kwamba wao, Waislamu, hawayatazami mambo hayo kwa njia hiyo, na kwamba mambo ya kawaida ya maisha yanawatosha. Speke aliyaita maporomoko yale Ripon, jina la bwana mmoja wa Uingereza. Wenyeji walikuwa wakiuita mto huo Kiyira tangu zamani, na walivua samaki papo hapo siku ile ile uliposemekana kuvumbuliwa.

Kutoka Jinja walipita Bunyoro kwa Mfalme Kamrasi, wakafika Gondokoro, katika Sudani Kusini ya leo, Februari 1863, wakafuata mto mpaka Cairo. Kutoka huko Bombay na wenzake walirudishwa Unguja kwa meli.

Kuvuka bara

Mwaka 1871 Henry Stanley alimwajiri awe mkuu wa askari katika safari ya kumtafuta Livingstone, na wakamkuta Ujiji. Stanley naye alimpiga. Katika safari hiyo Bombay alifika tena kwenye mdomo wa Rusizi, na mto ukaonekana tena unaingia ziwani, kama watu wa Uvira walivyosema.

Mwaka 1873 aliondoka Bagamoyo na Lovett Cameron. Safari hii ndiyo inayotugusa sisi Wakongomani zaidi. Mwezi wa Mei 1874 walifika Lukuga, karibu na mahali ulipo mji wa Kalemie, wakagundua kwamba ndipo Tanganyika inapotokea kwenda magharibi. Agosti walifika Nyangwe, Maniema, kwenye mto Lualaba. Kwa hiyo Rusizi humwaga Tanganyika, Tanganyika humwaga Lukuga, Lukuga humwaga Lualaba, na Lualaba ndio mto Kongo. Swali la Uvira likapata jibu lake: maji ya kwetu si ya Nile hata kidogo. Cameron alitaka kushuka Lualaba kwa mitumbwi lakini hakuipata. Wakapita kusini katika nchi ya Waluba, na Novemba 1875 wakafika pwani ya Atlantiki, Angola. Hivyo Bombay akawa miongoni mwa watu wachache wa wakati ule waliovuka Afrika kutoka bahari hadi bahari. Inakadiriwa kwamba katika maisha yake alisafiri kilomita zipatazo 9,600, nyingi kwa miguu.

Mwaka 1876 Chama cha Kifalme cha Jiografia cha London kilimtunukia medali ya fedha na kumpa pensheni. Alifariki mwezi wa Oktoba 1885.

Je, tumsifu?

Baadhi ya wanakamati waliuliza kama inafaa kumkumbuka mtu aliyewaongoza wageni. Ni swali la haki. Mkutano wa Berlin ulifungwa Februari 1885, miezi minane kabla ya kifo chake. Kongo ikawa mali ya Leopold wa Ubelgiji, na mwaka 1894 Waingereza wakaitangaza Uganda kuwa chini ya himaya yao. Mwaka 1929 maji ya Nile yalipangiwa mkataba kati ya Misri na Uingereza, wenyeji wa Jinja wakiwa hawakuulizwa. Njia alizopita Bombay zilitumiwa na wengine kwa makusudi yao.

Jibu letu ni kwamba Bombay hakuchora mpaka wala hakutia sahihi mkataba wowote. Alikuwa mtu aliyenyang'anywa nchi, akaishi kwa lugha alizookota njiani, kama tunavyoishi sisi. Lakini historia yake inatuonya pia. Mkalimani si bomba la maji. Maneno yakipita kwake yanaweza kubadili mkondo, na anayedhurika si yule aliyeuliza swali.

Kwa hiyo, kwa jina la Sidi Mubarak Bombay, kamati imekubaliana mambo matatu. Kwanza, majina kamili ya wakalimani wote, wa kambini na wa Kyebando, yaandikwe katika daftari la kamati, kila mmoja kwa jina alilopewa na wazazi wake. Pili, mkalimani asiyeelewa neno aulize tena bila haya, na aliyekosea aseme amekosea siku ile ile, kama Bombay alivyofanya Uvira. Tatu, watoto wasitumwe kuwatafsiria wazazi wao mbele ya daktari. Msichana wa miaka kumi na mitatu hapaswi kuwa wa kwanza kuusikia ugonjwa wa mama yake ili amweleze.

 

Walimu wa Kyebando, kwa niaba ya Kamati