Maisha ya Joseph Fourier

Muhula huu niliandika programu ya kompyuta ya kuchambua namba ziwe mawimbi. Ndipo nikataka kumjua mwenye elimu hiyo.

Joseph Fourier alizaliwa mwaka 1768 mjini Auxerre, Ufaransa, mtoto wa mshona nguo. Alifiwa na wazazi wote wawili angali mdogo. Wakati wa mapinduzi ya nchi yake alitiwa gerezani. Mwaka 1798 alifuatana na Napoleon kwenda Misri. Mwaka 1807 aliwapelekea wataalamu wa Paris maandishi yake juu ya mwendo wa joto. Lagrange, bingwa wa hesabu, akayapinga. Fourier hakukata tamaa. Aliyatengeneza zaidi, na mwaka 1822 akayatoa kitabu. Alifariki mwaka 1830.

Nami nilipata somo langu. Nilitia namba 1, 2, 3, 4, nikazichambua, kisha nikazirudisha. Zikatoka 4, 8, 12, 16! Nilikuwa nimesahau kuzigawanya kwa 4, yaani hesabu ya namba zenyewe, wala kompyuta haikulalamika. Nisingalikagua, nisingalijua.

Basi, wanafunzi wenzangu, tusichukie kazi zetu kukaguliwa.