Karamojo Bell: Aliua tembo 1,011, leo Rungwa asingeruhusiwa kufyatua

Katika Pori la Akiba la Rungwa, mkoani Singida, mwindaji mwenye kibali halali hawezi tu kuingia na bunduki yoyote aliyonayo na kumpiga tembo au nyati. Kanuni za uwindaji wa kitalii nchini zinataka risasi yenye kipenyo kisichopungua .375, yaani inchi 0.375, sawa na milimita 9.5 hivi.

Kwa kipimo hicho, mmoja wa wawindaji wa tembo maarufu zaidi waliowahi kupita Afrika Mashariki angerudishwa getini.

Huyo ni Walter Dalrymple Maitland Bell, Mskochi aliyejulikana zaidi kama Karamojo Bell. Katika maisha yake aliua tembo 1,011. Takribani 800 kati yao aliwaangusha kwa risasi ya milimita 7, ambayo wengi waliiona inafaa kwa swala tu.

Aliwezaje? Na kama yeye aliweza, kwa nini sheria inakataza?

Yatima aliyekimbia shule

Bell alizaliwa Septemba 1880 karibu na Edinburgh, Scotland, kwenye familia yenye uwezo. Mama yake alifariki akiwa mdogo sana, na baba akafuata kabla mtoto hajamaliza hata miaka michache ya shule. Akalelewa na kaka zake.

Shule hakuipenda. Alikuwa anatoroka, na akiwa na miaka 13 akapelekwa baharini kufanya kazi melini. Alipofika miaka 16 hivi akatua Mombasa, mkononi ana bunduki ya .303 ya kuweka risasi moja moja. Kazi aliyopata ilikuwa kuwinda simba waliokuwa wakila wajenzi wa reli ya Uganda.

Kisha akaenda Kanada wakati wa mbio za dhahabu za Yukon, akawa anauza nyama ya porini kwa wachimbaji. Akapigana Vita vya Makaburu Afrika Kusini. Mwaka 1902 akarudi Afrika Mashariki, safari hii kwa jambo moja tu: pembe za ndovu.

Jina la Karamojo lilitokana na Karamoja, kaskazini mashariki mwa Uganda, alikowinda kwa miaka kadhaa.

Enzi za bunduki kubwa

Wakati huo wawindaji wengi waliamini mnyama mkubwa anahitaji risasi kubwa. Frederick Selous, ambaye jina lake lilikuja kupewa pori la akiba kusini mwa Tanzania, alianza miaka ya 1870 na magobole yaliyofyatua tonge la risasi la zaidi ya gramu 100.

Mwanzoni mwa miaka ya 1900 zikaja bunduki za mitutu miwili kama .600 Nitro Express. Kichwa cha risasi yake kina gramu 58, na bunduki yenyewe inakaribia kilo 7. Teke lake begani si mchezo.

Bell naye alikuwa na bunduki ya mitutu miwili, lakini hakuipenda. Alikuwa anatembea maelfu ya kilomita kwa mguu akifuata nyayo, na uzito ulimchosha. Pia aliona mtu anayeogopa teke la bunduki yake hawezi kulenga vizuri.

Alivyochagua risasi

Akaanza kujaribu ndogo. Alitumia .303 ya kijeshi. Akatumia Mannlicher ya milimita 6.5, nyepesi na tamu mkononi, lakini risasi alizopata zilikuwa mbovu na zikamwangusha. Akajaribu .318, nayo ikamsumbua kwa risasi zilizochelewa kulipuka.

Iliyobaki kuwa kipenzi chake ni Mauser ya milimita 7, ambayo kampuni ya Rigby ya London iliiuza kwa jina la .275 Rigby. Kichwa chake kina gramu 11 tu, na kinatoka mtutuni kwa kasi ya kama mita 700 kwa sekunde. Kwa watu waliozoea bunduki za baruti nyeusi, hiyo ilikuwa kasi kubwa kweli.

Lakini kasi siyo iliyomfanya aichague. Kwanza, risasi zake zilizotengenezwa Ujerumani hazikumwangusha: kila alipovuta kifyatulio, zililipuka. Pili, kichwa chake kilikuwa kirefu, chembamba na kimevikwa chuma kigumu, hivyo kilipenya mfupa kikiwa kimenyooka bila kupasuka wala kupinda.

Tatu, na hili ndilo kubwa, Bell alijua mahali pa kukipeleka.

Alipasua fuvu kwa msumeno

Kichwa cha tembo ni kikubwa, lakini sehemu kubwa ya fuvu ni mfupa wenye matundu kama sifongo. Ubongo umejificha nyuma, na mwindaji anayelenga kwa kubahatisha anaukosa.

Bell alikata fuvu la tembo kwa msumeno, akaangalia ubongo umekaa wapi hasa. Baada ya hapo aliweza kuupiga mnyama akiwa mbele, ubavuni, hata akiwa amesimama nyuma yake kwa mshazari. Pigo hilo la mshazari kutoka nyuma mpaka leo linaitwa kwa jina lake.

Tena hakuwa anapiga kwa mbali. Alisogea karibu, kwa kuwa kwa mbali hata jicho kali halioni vizuri pa kulenga.

Aliyeamini kasi akafa

Wakati Bell yuko kazini, viwanda vilikuwa vinashindana kuongeza kasi. Mwaka 1907 ikatoka .280 Ross, iliyofikia kama mita 900 kwa sekunde. Faida yake ipo wazi: kufika mita 300, risasi ya Bell ilichukua kama nusu sekunde, na hii ya Ross karibu theluthi moja ya sekunde. Haishuki sana njiani, na mnyama anapata muda mdogo wa kusogea.

Mwanzoni mwa 1911, George Grey, ndugu wa waziri wa mambo ya nje wa Uingereza, alikuwa na bunduki hiyo akiwinda simba kwenye tambarare za karibu na Nairobi. Simba akamrukia. Grey alimpiga kwa karibu, lakini risasi hazikumsimamisha. Kichwa chepesi kinachokwenda kwa kasi kubwa kilikuwa rahisi kuvunjikavunjika kwenye nyama kabla hakijafika ndani. Grey alifariki Nairobi siku chache baadaye.

Biashara iliyomaliza tembo

Sifa za Bell zina upande wa pili. Hakuwa anaua kwa chakula, alikuwa anafanya biashara. Kwenye eneo la Lado, kando ya Nile, aliua tembo 210 ndani ya miezi tisa na kutoka na pembe za kama tani 5. Karibu wote aliowaua maishani walikuwa madume.

Vita Kuu ya Kwanza ilimkuta akawa rubani wa Uingereza, akarusha ndege za upelelezi juu ya Tanganyika. Inasimuliwa kwamba mwanzoni aliruka peke yake, akiwa na bunduki yake ya kuwindia.

Uzeeni aliishi Scotland na mkewe Katie. Huko akawa anawinda paa wekundu kwa .220 Swift, risasi ya Marekani ya mwaka 1935 yenye kasi ya zaidi ya mita 1,200 kwa sekunde. Kumbe mzee hakuwa adui wa kasi. Kwenye mlima ulio wazi, kwa mnyama mwenye ngozi laini, aliona inafaa. Alifariki Juni 1954, akiwa na miaka 73.

Kwa nini Rungwa ni .375

Tukirudi Singida, jibu linaanza kuonekana. Kwenye mbuga iliyo wazi, mwindaji anayemfuata swala kwa mbali anafaidika na risasi yenye kasi. Kwenye vichaka vya Itigi, vilivyosongamana mpaka mtu haoni hatua chache mbele, kasi ya mita 300 haina kazi. Nyati akitokea hapo, kinachohitajika ni uzito na kupenya.

Na wanaokuja kuwinda si akina Bell. Wengi hawajawahi kuona fuvu la tembo likiwa limepasuliwa, na moyo unaenda mbio siku hiyo. Risasi ya milimita 7 ikikosea sentimita chache, mnyama anaondoka na jeraha, anakufa siku kadhaa baadaye porini, au anamgeukia askari wa wanyamapori anayetumwa kumfuata kwenye kichaka.

Ndiyo maana kanuni haikuandikwa kwa kumfikiria mtu aliyelenga vizuri mara 800. Imeandikwa kwa ajili ya yule atakayekosea mara moja, na kwa ajili ya askari atakayelazimika kuingia kichakani baada yake.