Daudi Zakayo Kivuli: alitoka jiko letu

Wengi wetu tuna shangazi au mjomba anayeandamana barabarani na ngoma, kanzu nyeupe na kilemba kichwani. Je, tunamjua mwanzilishi wa kanisa lao?

Daudi Zakayo Kivuli alizaliwa Nyang'ori, karibu mwaka wa 1896. Alikulia kiroho katika misheni ya Wapentekoste wa Kanada hapo Nyang'ori, ile iliyozaa PAG, na akasimamia shule zake. Mwaka wa 1932 alijazwa Roho Mtakatifu, akahubiri toba na kuungama dhambi hadharani. Mwaka wa 1942 akaanzisha African Israel Church Nineveh. Alipofariki mwaka wa 1974, mkewe Rebecca alishika uongozi.

Kwa hivyo hao si wageni, tulitoka jiko moja. Hatukubaliani kwa kila jambo, lakini 1 Wakorintho 12 inafundisha kwamba viungo ni vingi, mwili ni mmoja. Kuandikishwa katika dhehebu hakumwokoi mtu; Yesu ndiye anayeokoa. Basi wewe mshirika, tulia katika kundi lako, litumikie kwa uaminifu. Ila msafara wao ukipita Ijumaa, usiwacheke. Wasalimie, hao ni ndugu.