Siti binti Saad

Siti binti Saad (Fumba, Unguja, 1880 hivi – Zanzibar, 8 Julai 1950) alikuwa mwimbaji wa taarab kutoka Zanzibar. Anahesabiwa kuwa mwanamke wa kwanza wa Afrika Mashariki kurekodi sauti yake katika santuri, na ndiye aliyeifanya taarab ya Kiswahili ijulikane mwambao mzima.

Maisha ya awali

Alizaliwa katika kijiji cha Fumba, kusini mwa mji wa Zanzibar. Baba yake alikuwa wa asili ya Kinyamwezi na mama yake wa asili ya Kizigua. Jina lake la kwanza lilikuwa Mtumwa, na liliwekwa katika zama za utumwa. Hadhi ya kisheria ya utumwa ilifutwa Zanzibar mwaka 1897.

Wazazi wake walikuwa maskini, wakiishi kwa kilimo na ufinyanzi. Siti hakupata elimu ya shule. Alijifunza kufinyanga vyungu kutoka kwa mama yake, akawa anavipeleka mjini kuviuza. Inasimuliwa kwamba watu walianza kuitambua sauti yake alipokuwa akinadi vyungu hivyo njiani.

Kuhamia mjini

Mwaka 1911 alihamia mjini. Huko alikutana na Ali Muhsin, mwanachama wa kikundi cha taarab cha Ikhwani Safaa kilichoanzishwa mwaka 1905, ambaye alimfundisha uimbaji na upigaji wa udi. Wakati huo taarab ilikuwa muziki wa wanaume na wa majumba ya wakubwa, ikiimbwa zaidi kwa Kiarabu. Siti alijiunga na wanamuziki wengine, wakiwemo Subeti bin Ambari, Mbaruku Effandi, Buda bin Swedi na Maalim Shaaban, wakawa wanaimba kwa Kiswahili pia. Jina la Siti, lenye maana ya bibi mwenye heshima kwa Kiarabu, alipewa baada ya kupata umaarufu.

Alidharauliwa na baadhi ya watu kwa sababu ya asili yake na sura yake, naye alijibu kwa nyimbo. Nyingine zilihusu mambo ya mitaani na ya mahakamani. Wimbo wa Kijiti ulieleza mauaji ya mwanamke mgeni kutoka Dar es Salaam, ambapo mtuhumiwa alitorokea bara na mashahidi ndio wakaadhibiwa.

Kurekodi Bombay

Mwaka 1928 Siti na wenzake walisafiri kwa meli hadi Bombay, Uhindi, kurekodi kwa kampuni ya Gramophone, iliyouza santuri zake kwa nembo ya His Master's Voice. Santuri hizo zilipendwa sana, na muda mfupi baadaye kampuni nyingine nazo zilianza kurekodi nyimbo za Kiswahili. Watu wasioweza kununua gramafoni walikusanyika kwenye migahawa ya kahawa kusikiliza.

Santuri za wakati huo zilitengenezwa kwa shelaki, utomvu unaotolewa na wadudu wa miti ya Uhindi na nchi jirani, uliochanganywa na unga wa mawe. Zilizunguka takriban mara 78 kwa dakika, na upande mmoja wa santuri ya inchi 10 ulichukua kama dakika tatu. Kwa hiyo shairi refu lilibidi kufupishwa au kugawanywa pande mbili. Sindano za gramafoni zilikuwa za chuma na ziliuzwa katika vikopo vidogo. Kila moja ilitakiwa kutumika kwa upande mmoja tu kisha kutupwa, kwa sababu ikishalika hukwaruza mfuo wa santuri. Wenye fedha kidogo waliirudia sindano ileile, na ndiyo sababu mojawapo ya nakala nyingi za zamani kuwa na mikwaruzo.

Kusikiliza santuri zake leo

Mifuo ya santuri za shelaki ni mipana kuliko ya santuri za plastiki zilizoanza kuuzwa mwaka 1948. Sindano ya santuri za plastiki ina ncha yenye nusu kipenyo cha mikromita 18 hadi 25 hivi. Ikiwekwa kwenye santuri ya Siti huzama hadi chini ya mfuo, mahali penye vumbi na uchafu, na sauti yake hufunikwa na kelele. Inayofaa ni ya mikromita 75 hivi, ambayo hukaa juu zaidi kwenye kuta za mfuo.

Anayebadilisha katriji, yaani kichwa kidogo kinachoshika sindano, katika mashine ya zamani anapaswa kwanza kuhakikisha kwamba mashine hiyo ina mwendo wa 78 na kwamba katriji hiyo inakubali sindano ya upana huo. Katriji ya mono hufaa zaidi, kwa kuwa katika santuri hizi sauti imechorwa kwa kwenda kando tu, na mtikisiko wa juu na chini huleta kelele. Shelaki huvunjika ikianguka, na haifai kusafishwa kwa spiriti kwa sababu spiriti huiyeyusha.

Kifo na urithi

Siti alifariki tarehe 8 Julai 1950. Mwandishi Shaaban Robert aliandika maisha yake katika kitabu Wasifu wa Siti binti Saad, ambacho kimesomwa na vizazi vya wanafunzi. Bi Kidude, aliyefariki mwaka 2013, aliendelea kuimba nyimbo zake. Chama cha Wanahabari Wanawake Tanzania (TAMWA) kiliita jarida lake Sauti ya Siti kwa heshima yake. Sauti yenyewe imebaki katika santuri za shelaki zilizosalimika, na katika nakala zilizotolewa kutoka kwake.