KABURI LA BI ROSINE KRAPF NA SALA ZETU KWA MAREHEMU



Siku ya arusi mliahidiana kupendana hadi kifo kiwatenganishe. Je, kifo kikishakuja, upendo huo hauna tena kazi? Swali hili huwa gumu zaidi pale mume ni Mkatoliki na mke ni Mmethodisti, au mke ni Mkatoliki na mume ni Mpentekoste. Huku kwetu Rapsu, na Isiolo na Meru kwa jumla, ndoa za namna hii si chache. Mjane Mkatoliki anataka Misa kwa nia ya mumewe. Mashemeji wanamwambia marehemu haombewi. Udongo wa kaburi haujakauka, na tayari jamaa hawasalimiani.

Ili tulipime jambo hili kwa utulivu, tutazame maisha ya mtu ambaye jina lake mlilisikia shuleni: Johann Ludwig Krapf.

Krapf alizaliwa mwaka 1810 huko Derendingen, Ujerumani, katika Kanisa la Kilutheri. Alitumwa Afrika na chama cha kimisionari cha Waanglikana, CMS, akaanzia Ethiopia. Mwaka 1842 alifunga ndoa na Rosine Dietrich mjini Alexandria, Misri. Ndoa yao ilianza kwa machozi. Mtoto wao wa kwanza, msichana, alizaliwa safarini jangwani akafa muda mfupi baadaye, wakamzika huko huko.

Mwezi wa Januari 1844 walifika Unguja, na Sultani Seyyid Said akawapokea vizuri. Kutoka huko wakahamia Mombasa. Mwezi wa Julai mwaka huo huo Rosine alijifungua msichana mwingine, lakini homa ikamshika siku zile zile. Krapf naye alikuwa hoi kwa homa hiyo hiyo, hata akashindwa kumhudumia mkewe ipasavyo. Rosine akafariki, na siku chache baadaye kitoto nacho kikamfuata mama yake. Mume akabaki peke yake, mgonjwa, katika nchi ya ugeni.

Kabla ya kufa, Rosine aliomba azikwe bara, ng'ambo ya kisiwa cha Mombasa, ili watu wapitao walione kaburi lake na kukumbuka kwa nini wageni wale walikuja. Akazikwa huko, upande wa Nyali. Krapf aliwaandikia wakuu wake kwamba kaburi hilo ni ishara ya kazi iliyoanza.

Hapa, msomaji, ndipo penye tofauti. Kwa desturi ya Kanisa la Krapf, kaburi lilisema na walio hai. Sala ya kumwombea Rosine mwenyewe haikuwa na nafasi. Waprotestanti walifundishwa tangu karne ya 16 kwamba Kristo amekwisha kulipa yote msalabani, na mtu akifa katika imani hahitaji msaada wetu. Kitabu cha Pili cha Makabayo, kinachosimulia jinsi Yuda alivyopeleka fedha Yerusalemu ili itolewe sadaka kwa ajili ya askari waliokufa, hawakihesabu pamoja na vitabu vya imani. Tena tukubali kwamba wakati ule rehema ziliuzwa kwa namna ya aibu, na hasira yao ilikuwa na sababu. Mtaguso wa Trento, mwaka 1563, uliagiza mambo hayo ya aibu yakomeshwe, lakini ukathibitisha kwamba toharani ipo na kwamba walioko huko husaidiwa na sala zetu, hasa Sadaka ya Misa.

Sasa mlinganisheni Rosine na mama mwingine aliyefia ugenini, Mtakatifu Monika, Mwafrika wa Tagaste katika nchi ya Algeria ya leo. Yeye pia aliishi katika ndoa ya imani mbili, kwa maana mumewe Patrisi alikuwa mpagani karibu maisha yake yote. Mwaka 387, alipokuwa akifa huko Ostia karibu na Roma, aliwaambia wanawe kwamba mahali pa kuzikwa si neno, bali wamkumbuke altareni. Mwanawe Augustino aliwaombea wazazi wote wawili. Basi desturi hii si uzushi wa juzi. Waorthodoksi wanayo hadi leo, na hata Waanglikana wengi walianza kuwaombea marehemu wao baada ya vita vya 1914 hadi 1918.

Krapf hakukata tamaa. Alijenga kituo Rabai pamoja na Rebmann aliyemfuata mwaka 1846, akauona Mlima Kenya mwaka 1849, akatunga kamusi ya Kiswahili iliyochapwa mwaka 1882. Baadaye alioa tena kwao Ujerumani. Alifariki tarehe 26 Novemba 1881 huko Korntal, akakutwa amepiga magoti kando ya kitanda, katika sala. Nani kati yetu atathubutu kusema mtu huyu hakumpenda Rosine kwa sababu hakumtolea Misa?

Kwa hiyo ninyi wenye ndoa mchanganyiko nawashauri hivi:

Kwanza, zungumzeni mngali hai na wazima. Kila mmoja aseme angependa azikweje na akumbukweje, na jamaa wa pande zote mbili wajue.

Pili, wewe Mkatoliki usiache kumwombea mwenzako ambaye si Mkatoliki. Kanuni ya 901 ya Sheria ya Kanisa ya mwaka 1983 inampa padre ruhusa ya kutoa Misa kwa ajili ya mtu yeyote, hai au marehemu. Mwone padre wako, akueleze namna ya kufanya bila kuwakwaza jamaa.

Tatu, usimlazimishe mwenzako kusali sala ambayo dhamiri yake haikubali. Anaweza kumshukuru Mungu kwa maisha ya marehemu, nawe ukamwombea. Wote wawili mnamtegemea Kristo yule yule.

Nne, mkiambiwa mnatambikia wahenga, jibuni kwa upole: hatuwaombi marehemu wetu watupe mvua wala mifugo, tunamwomba Mungu awahurumie.

Tano, sala bila haki ni kelele. Anayelipia Misa ya ndugu yake huku akimnyang'anya mjane shamba, hajamsaidia marehemu hata kidogo.

Krapf alikufa mwezi wa Novemba, mwezi ambao sisi Wakatoliki tunawaombea marehemu wote. Ukifika, mtajeni yeye na Rosine pamoja na wazee wenu.

Mungu azibariki ndoa zenu.

Katekista, Rapsu